Tandiko langu limeliwa

Ndiyo, limeliwa! Na punda wangu mwenyewe!

Hili tandiko nililinunua kuukuu kwa Mdachi mmoja hapa Newala, farasi wake alipokufa kwa mbung'o. Ngozi ilikuwa imechanika, ndani tupu.
Nikalishona siku nne kwa uzi wa katani, mpaka vidole vikatoka damu.

Goti langu bovu, mnalijua. Leo nilitaka nifike kwa wakwe nimepanda, nisichechemee.

Ikabaki kulijaza. Mtani wangu Baba Halima akaniletea mto ulioshonwa pande zote. "Sufi tupu hiyo. Usifumue, itapeperuka."
Nami nikamwamini. Mtani!

Nimefika kwa wakwe, nikalishusha tandiko mlangoni.
"Shikamoo, baba."
Mzee hajaitikia, punda kashang'oa mshono, anatafuna. Pumba za mtama zinamwagika!
Wakwe walicheka mpaka wakakaa chini.

Nimerudi kwa miguu, moja kwa moja kwa jumbe kushtaki.
Kaniuliza, "Ni mtani wako?"
"Ndiyo."
"Basi huna kesi. Mpe kuku, amekujazia tandiko bure."

Jamani, hii ni haki?
Baba Halima yuko uani kwangu sasa hivi, anachagua kuku.