Mgeni Anayejua Kiswahili

Niliondoka nyumbani kwangu Kibeta nikiwa na hasira. Nilikuwa nawahifadhi wasichana wawili waliokimbia vita katikati ya masomo ya uuguzi: Amna wa Khartoum na Furaha wa Goma. Vyeti vyao vilibaki huko. Wote walikuja na picha tu kwenye simu. Chuo kimoja cha Muleba kilimpokea Amna kwa picha hizo. Furaha kikamtaka alete vyeti halisi kabla ya Ijumaa, la sivyo hana nafasi.

Jumatano asubuhi mimi na Furaha tulipanda basi la Muleba. Tulipofika Muhutwe mvua ilianza kuingia dirishani, naye akaificha ndani ya sweta bahasha ya picha alizochapisha.

Saa nne tulikuwa mbele ya karani wa udahili.

"Mwenzake mlimpokea kwa picha," nilisema.

"Mama, yule ametoka mbali," akajibu. "Wakongo tumewazoea."

Nilitamani kumtupia ile bahasha. Akatuambia turudi kesho, mkuu wa chuo atakuwepo.

Tulikwenda kulala Nshamba kwa shangazi yangu. Kabla hata ya kuuliza habari za safari, alimwekea Furaha kiganjani akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hupewa atafune. Furaha akauliza ni kitu gani.

"Miezi mitatu uko kwa mwanangu, hujapewa akamwani?" Shangazi akanigeukia. "Wewe Koku, kulikoni?"

Amna nilimpa saa ile ile alipofika. Furaha alinisalimia kwa Kiswahili, nikamwona mtu wa nyumbani, nikamwonyesha ndizi za kumenya. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa kisu kabla hajakaa. Niliona aibu sana.

Alhamisi, mbele ya mkuu wa chuo, nilianza na kosa langu, kisha nikasema la chuo. Alinisikiliza. Alimuuliza Furaha maswali ya kazi kwa nusu saa, kama alivyomuuliza Amna, akaagiza jina lake liandikwe.

Tukirudi, tulipoipita Kemondo, Furaha aliniuliza:

"Mama, kama singejua Kiswahili, mungenipokea muzuri zaidi?"

"Ndiyo, mwanangu," nilisema.

Ilikuwa kweli, na yeye aliijua miezi mitatu kabla yangu.