Pua Iangalie Nyumba

Kwenye ofisi yetu hapa Bariadi, ukiegesha gari kwa kutanguliza pua, mlinzi anakufuata mpaka mlangoni. Haongei kwa ukali. Anasimama tu, rungu kwapani, anasema, "Dada, geuza." Sababu tuliyopewa ni kwamba likitokea la kutokea, moto au nini, kila gari liwe tayari kuondoka. Moto wenyewe sijauona tangu nianze kazi pale, ila amri ni amri. Magari yote yamerudishwa hadi ukutani, pua zinaangalia geti, kama sisi wenyewe tunavyoliangalia ikikaribia saa tisa na nusu.

Nilijifunza kuendesha nikiwa mtu mzima, wanangu wameshanizidi kimo. Gari langu ni dogo, la mtumba, limetoka Japani, na ukiliwasha kuna mwanamke ndani ya redio anasema maneno ambayo hakuna aliyewahi kunitafsiria. Huwa namwambia asante, tunaondoka. Kwenda mbele nilijua upesi. Kurudi nyuma ndiko kulikonitoa jasho, na mlinzi akawa ananigeuzia yeye kila asubuhi mpaka nikaona aibu.

Aliyenifundisha ni dereva wa ofisi, mtu mwenye maneno mengi kuliko redio ya kijiweni. Kwake yeye namna mtu anavyoegesha gari inaonyesha akili yake. "Kazi ngumu ifanye asubuhi ukiwa na nguvu," aliniambia. "Jioni umechoka, unatoka mbele kama malkia." Mimi nikambishia kwamba mtu akifika mahali huingia kwa uso, haingii kwa makalio. Jamani, maneno yale yalifika mpaka kwenye chai ya saa nne. Watu wa uhasibu wakawa upande wake, masijala wakawa upande wangu, na chapati zikapoa huku watu wazima wakisukuma vikombe mezani kuonyesha gari linavyokata kona.

Tulifanyia mazoezi uwanja wa mpira, Jumamosi, katikati ya ndoo mbili alizoniambia nije nazo. Ndoo yangu nzuri ya kuogea ilifia pale. Hakunionea huruma. Alikuwa anapiga bodi kwa kiganja na kusema, "Kioo! Kioo! Shingo umepewa ya nini?" Siku niliyoingia katikati bila kugusa kitu nilishuka nikacheza kidogo, na sijali nani aliniona.

Kuanzia hapo nikawa mlokole wa rivasi. Sokoni narudi kinyumenyume, kanisani narudi kinyumenyume, waumini wamesimama na Biblia zao wakingoja nimalize. Hata kukiwa na nafasi kubwa ya kuingia moja kwa moja, naikataa. Nikimwona mtu ametanguliza pua, namhurumia.

Sasa mama yangu. Anaishi Sapiwi, kwenye mji wetu wa tangu zamani, pamoja na mke wa mdogo wangu, ambaye ni wifi yangu. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona mwanga, anaona kitu kikubwa cheupe, na watu aliwajua kwa sauti na kwa mwendo. Alishaanza kumwaga maji ya moto nje ya kikombe. Mara moja alitia mkono kwenye jiko badala ya kwenye sufuria, akanificha kidonda mpaka kikapona chenyewe.

Kumshawishi aje kutibiwa ilinichukua msimu mzima, tangu pamba iko shambani mpaka imejazwa chumbani kwake ikingoja kuuzwa. Kila nikienda ana sababu. Pamba haijauzwa. Ng'ombe anazaa. Wifi ana mimba. Sababu ya kweli niliijua, na yeye alijua naijua. Baba alitoka hapo nyumbani kwenda hospitali kwa pikipiki, akiwa ameipanda mwenyewe, akarudi maiti. Mama alikuwa ameamua kwamba hospitali ni mahali pa kwenda upande mmoja tu.

Halafu wakaja madaktari wa macho, wa kukaa hospitali ya Bariadi wiki moja na kuondoka. Nikamwandikisha bila kumuuliza. Waliotakiwa kupasuliwa siku ya kwanza walipaswa kufika jioni ya Jumapili, wapimwe presha na sukari. Nikampigia simu kupitia kwa wifi. Safari hii hakutoa sababu, akasema, "Haya, ng'wanone. Njoo unichukue." Mwanangu, aliniita. Nilikaa kitandani nikashukuru Mungu kwa sauti.

Inabidi niseme mji wetu ulivyo. Kutoka barabarani kuna njia nyembamba, minyaa huku na huku, mirefu kuliko mtu, inanyooka mpaka uani. Zamani gari likifika uani liligeukia upande wa kushoto wa nyumba. Sasa hapo ndipo alipolala baba, kaburi limesakafiwa na kupakwa chokaa. Upande wa kulia ni zizi. Kwa hiyo tangu msiba nilikuwa naacha gari barabarani naingia kwa miguu, na kila mgeni alifanya hivyo. Lakini Jumapili ile nilikuwa namchukua mtu asiyeona, na michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku wake wa zawadi kwa madaktari. Nikasema leo gari litafika mlangoni. Na kwa kuwa hakuna pa kugeuzia, nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikasimama barabarani, nikaweka gia ya rivasi, nikaanza kurudi.

Nilirudi vizuri, dereva wa ofisi angenipigia makofi. Sikugusa hata jani. Gari likawa linalia tii, tii, tii, njia nzima, mpaka nyuma yake ikawa hatua chache kutoka mlango wa mama. Nikashuka, nikafungua buti kabisa ili mzigo uingie, nikaita, "Mwadila, mayu!"

Hakuna aliyeniitikia salamu. Wifi alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, mdomo wazi. Mama alikuwa ameshatoka mpaka kizingitini, amevaa gauni lake la kanisani na kitenge kipya, mkoba begani. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Kisha akarudi ndani, akapapasa kitanda chake kando ya magunia ya pamba, akakaa.

"Mayu, tunachelewa."

"Siendi."

"Kwa nini huendi?"

"Gari la namna hiyo limeshakuja hapa mara moja," akasema. "Liliingia hivyo hivyo, linalia hivyo hivyo, likafunguliwa nyuma mlangoni kwangu. Mimi simo."

Nilimwelewa maneno, sikumwelewa yeye. Ni wifi aliyenivuta pembeni akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Pikapu iliyomleta baba iliingia kinyumenyume, ili jeneza lishuke karibu na mlango. Mama alikuwa amesimama palepale kizingitini, bado anaona vizuri, na kitu cha kwanza alichokiona ni nyuma ya gari ikimjia. Mimi siku ile nilikuwemo ndani ya pikapu hiyo, mbele, pembeni ya dereva. Kwa hiyo safari yote ile ya kuingia nilikuwa nimeangalia minyaa na barabara. Uso wa mama sikuuona. Kila mtu wa mji ule aliuona isipokuwa mimi.

Na bado nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika sana. Nimeacha kazi zangu, nimemwandikisha, nimebembeleza msimu mzima, halafu jicho la mtu lipotee kwa sababu ya gari limegeukia wapi? Nikarudi chumbani nikamwambia madaktari wanaanza kesho. Akasema, "Basi waanze." Nikamwambia hawatarudi karibuni, na wakija tena jicho litakuwa limeshakufa. Akasema hata yeye akienda hatarudi, kwa hiyo watakuwa sawa. We! Mama yangu ana mdomo. Nikamuuliza sasa anataka nini, nimbebe mgongoni mpaka Bariadi?

Akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Kama umekuja kunichukua mimi mzima," akasema, "ingia kwa uso."

Nikatoka. Nikafunga buti kwa nguvu, nikaenda na gari mpaka barabarani, vumbi juu. Mwanamke wa redio nilikuwa nimeshamzima. Nikageuza kule, nikaingia upya, pua mbele, polepole, taa nimeziwasha ingawa jua lilikuwa bado liko juu, ili aone chochote kile. Nikasimama mbele ya mlango, nikazima gari. Mama akatoka akiwa ameshikwa mkono na wifi. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Limepata joto," akasema.

"Limetembea, mayu."

Akashuka na mkono mpaka kwenye taa, akaizunguka kwa vidole. "Haya ndiyo macho yake?"

"Ndiyo."

"Yanaona?"

"Yanaona."

"Haya, twende."

Kutoka sasa ndiyo ikawa kazi. Nilipinda shingo naangalia nyuma, mkono mmoja kwenye kiti chake, gari linalia tii, tii. Yeye alikaa wima, mkoba mapajani, uso wake mbele, kwenye nyumba. Nilimsikia anaongea kwa kunong'ona, kwanza nikadhani anasali.

"Bati bado naliona. Linang'aa," alisema. Kisha, "Kile cheupe ni baba yenu?"

"Ndiyo, mayu."

"Haya. Bado nakuona," akamwambia baba.

Hapo nikapoteza njia, nikaingia kwenye minyaa. Matawi yalivunjika, maziwa yake yakatiririka kwenye kioo cha pembeni. Mama akauliza nimegonga nini, nikamjibu minyaa tu, akaniambia nifunge dirisha, yale maziwa yanapofua macho. Tukatazamana, yaani mimi nikamtazama, tukacheka wote wawili mpaka akajifuta kwa kitenge.

Tulipofika barabarani nikageuza gari, tukashika njia ya Bariadi. Karibu na mjini akasema baba yetu aliondoka kwa pikipiki, akiwa amempa nyumba mgongo, na hakugeuka hata kuaga kwa sababu kila mtu alijua jioni atarudi. "Mimi nimeiaga," akasema. "Nimeiangalia mpaka mwisho." Niliendesha tu.

Hospitalini niliegesha kwa kutanguliza pua. Kulikuwa na nafasi ya kurudi nyuma, sikuitumia.

Alipasuliwa jicho moja kwanza. Asubuhi walipolifungua, nesi alimuuliza anaona vidole vingapi, yeye akampita nesi akaniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda, akaanzia kwenye nywele akashuka. "Kumbe umezeeka," akasema. Wagonjwa wote wodini walicheka, na mimi nilicheka kuliko wao.

Nilimsimulia dereva wa ofisi habari hii. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake, kisha akasema kiusalama bado kurudi ukiingia ndiyo sahihi, kwa sababu ukitoka kinyumenyume huoni kinachokatiza. Nikamwambia kiusalama amesema kweli. Ofisini nafuata amri. Mlinzi hana tena shida na mimi.

Lakini Sapiwi naingia kwa uso. Na kutoka, natoka kinyumenyume njia nzima, kwa hiyo mama anasimama mlangoni na mimi niko kwenye usukani, na tunaangaliana mpaka barabarani. Zamani nikimuaga nilikuwa natembea kuelekea kwenye gari, mgongo wangu kwake, naye hata hivyo haoni. Mwanzoni jambo hili la kuangaliana lilinipa aibu. Sisi si watu wa kuangaliana sana.

Mara ya mwisho nilikuwa nimeshafika karibu na barabara, nimegeuka naangalia kioo, njia tupu. Mama akapiga kelele kutoka kule mlangoni, sauti ya kufukuzia nyani shambani. "Simama! Ndama! Nyuma yako, ndama!"

Nikakanyaga breki. Kwenye kioo hakukuwa na kitu. Kisha akachomoza kutoka kwenye minyaa, ndama mdogo, rangi yake na ya udongo ni moja, akapita nyuma ya gari bila haraka. Mimi mwenye macho mazima na vioo vitatu sikumwona. Mama alimwona kutoka kizingitini, mwisho wa njia nzima, akiwa bado anachungulia kwenye minyaa.

Nikakaa pale, mguu kwenye breki, nikalia. Sikuwa nimelia hospitali wala siku ile ya minyaa. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono juu ya macho kuzuia jua, ananiangalia.

"Sasa unalia nini?" akapaza sauti. "Ameshapita! Rudi, njia nyeupe!"