Wageni Watatu Nyuma ya Choo

Naona aibu kusimulia, ila nisiposimulia mimi watasimulia watu wa mtaa wetu wa Gungu, na wao huongeza chumvi. Usingizi ulinikataa kwa swali moja: wale ndege watatu niliowaona jioni kwenye mpera wa uani, nyuma ya choo, ni wa hapahapa, au ni wale wanaotoka Ulaya kila mvua za kwanza zinapoanza? (Nilikuwa na shahada ya wanyama na sina kazi, kwa hiyo mawazo ndiyo yalikuwa ajira yangu.) Kulipopambazuka nikahakikisha: kifua cha manjano iliyofifia, mstari juu ya jicho, wadogo kama kidole gumba, na wamevuka jangwa zima kuja kula wadudu wa Mama Siwema, mwenye nyumba wangu. Niliwahusudu. Nikaogopa moshi wa jiko utawafukuza, basi kabla ya kwenda dukani nikabandika karatasi mlangoni: "Mama, wageni watatu wamefika kutoka mbali. Wako nyuma ya choo. Usiwashe moto, wasije wakakimbia."

Sasa, miaka ile Kigoma ukisema wageni kila mtu alielewa wakimbizi waliovuka ziwa, na kuwaficha nje ya kambi kulikuwa kosa. Aliyetangulia kuisoma ni balozi wa nyumba kumi, alipopita kumjulia mama hali.

Niliporudi nilikuta mgambo wawili, majirani tele, na Mama Siwema, mjane aliyenilea kama mwanawe, anaambiwa avae viatu aende ofisi ya kata. Mwandiko wangu aliujua, lakini hakunitaja. Nami nikasimama nayapanga maneno, nayapangua, hadi mgambo akamshika mkono.

"Ni mimi, Mzee. Ni ndege."

"Ndege? Imetua nyuma ya choo?"

Watu wakacheka, na ndege wenyewe walishazikimbia buti za mgambo. Nikaomba tunyamaze, tukachuchumaa wote nyuma ya choo, balozi, mgambo na majirani, hata ndege mmoja akarudi, akatua mperani, akaimba kwa sauti inayoteremka taratibu kama maji yanayomiminwa. Balozi akavua kofia.

"Huyu katoka Ulaya? Kwa mabawa haya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwacheni mama," akanong'ona.

Mama Siwema hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, ndege muite ndege."

Kwa mara ya kwanza sikufikiri mara mbili. Nikabandua karatasi mbele yao, nikafuta "wageni", nikaandika "ndege", nikaibandika tena, maana moto Mama alikuwa bado hajauwasha.