Maziwa ya Mbuzi Asiyezaa

Emerance alivikimbia vita vya Gety akiwa na wajukuu wawili na mbuzi watatu, akapata kibanda mtaani Ngezi, nyuma ya mabanda ya kuku ya Katsuva. Vilima vilikuwa vya wenye bunduki, hivyo mbuzi hawakupelekwa malishoni. Katsuva, ambaye kuku wake walinenepa kuliko wote mjini, alimpa mavi ya kuku bure ya kuwalisha.

"Anika, mama, changanya na pumba. Mbuzi itanenepa sawa kuku yangu."

Walinenepa kweli. Ndani ya mavi mlikuwa na vikaratasi vya kung'aa. Emerance alivichambua, akavirundika kwenye kona ya kibanda.

Asubuhi moja mbuzi jike mchanga, aliyekuwa hajapata kupandwa, aliamka na kiwele kilichojaa. Jirani yake, Jemima, aliyachungulia maziwa yakidondoka.

"Haiyaona dume, na iko na maziwa? Bwana yake ni nani, Emerance? Weye?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mkaza mwana wa Jemima alikuwa bado hajashika mimba.

"Mulozi!" alilia Jemima. "Anahamisha uzazi ya watoto yetu mu mbuzi!"

Mkimbizi akiitwa mchawi wakati wa vita hasikilizwi; hufukuzwa, na barabara ya kurudi Gety ilikuwa kaburi. Emerance alilijua hilo. Aliingia kibandani, akatoka na vile vikaratasi. Alivitambua: muuguzi aliwahi kumpa vidonge katika vikaratasi vya namna hiyo baada ya uzazi wake wa mwisho.

"Angalieni! Ni dawa ya kuzuia kuzala. Katsuva anapatia kuku zinenepe. Inapita mu mavi, inaharibu mbuzi yangu!"

Macho yote yalimgeukia Katsuva, aliyekuwa amesimama kando ya mabanda yake. Vidonge hivyo alivinunua kwa waliopora zahanati, naye alijua vizuri alichokuwa akiwalisha kuku. Aliokota kikaratasi kimoja, akakiinua juu taratibu.

"Mama, mavi ni mavi tu. Hizi karatasi, umezitoa mu nyumba ya nani?"

"Mu nyumba yangu, lakini..."

"Mumesikia wenyewe."

"Kumbe ni na hii ulifunga tumbo ya bibi ya mutoto wangu!" Jemima aliinama, akaokota jiwe la kwanza.

Jua halijatua, Emerance alikuwa kwenye barabara ya Gety, paji la uso likivuja damu, wajukuu wakimshika nguo, bila mbuzi hata mmoja.

Katsuva alimchinja yule mbuzi mchanga, akaugawia mtaa mzima nyama. Jemima alipewa paja. Wote walimsifu kwa ukarimu wake.

Nyumbani kwa Katsuva mwenyewe, jioni ile, walikula maharage.