Ruthu na Unga wa Lishe

Ruthu Mazoya alikuwa mwalimu wa kemia Mvumi kabla ya kurudi chuoni, Dodoma mjini, kusomea shahada ya uzamivu. Mpango wenyewe ulikuwa mgeni: kila mwanafunzi alisimamiwa na wataalamu wa fani mbili, kisha akafanya utafiti wake ndani ya kampuni. Yeye alipata Dokta Ambokile wa kemia, Dokta Evarista wa afya ya jamii, na kiwanda kidogo cha unga wa lishe. Meneja wa kiwanda, Damas, alimpa meza karibu na ghala, akazoea kumwita dada yetu wa utafiti.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vyema. Wa pili, mvua ilinyesha wakati wa mavuno, na Ruthu alipopima karanga za ghalani alikuta sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, imepita mno kiwango kinachoruhusiwa. Akapima tena. Majibu yalikuwa yale yale. 

Makubaliano na kiwanda yalimkataza kumwambia mtu wa nje. Dokta Ambokile alimshauri apeleke sampuli maabara nyingine kwanza, kabla ya kukiambia kiwanda, maana akikosea ataharibu jina lake na la chuo. Dokta Evarista aliuliza tu, huo unga unaliwa na nani wakati sisi tunasubiri majibu? Wakabishana kwa adabu mbele yake, na Ruthu akaona wote wawili wana haki, jambo lililozidi kumtesa. Sampuli zikapelekwa. Kiwanda kikaendelea kusaga.

Jumapili, baada ya ibada, alipita Makole kwa mdogo wake, Gladness. Alimkuta akimkorogea mwanawe uji, pakiti ya kiwanda kile kile iko wazi mezani.

"Usimpe huo," Ruthu alisema. "Mpikie wa ulezi mtupu."

Gladness aliitazama sufuria, kisha akamtazama yeye. "Kuna nini, dada?"

"Siruhusiwi kusema."

"Mimi umeshaniambia. Na mama Sila hapo jirani, anayemnywesha mwanawe huo huo, nani atamwambia?"

 Usiku huo Ruthu hakulala. Asubuhi, bila kungoja maabara ya pili, alikwenda kwa Damas. Alimweleza yote, hata la Gladness, akamwomba asimamishe kusaga na aurudishe mzigo uliokwisha kwenda kwa wauzaji wa Majengo.

Damas aliuliza, "Una uhakika?"

"Kwa vipimo vyangu, ndiyo. Nikiwa nimekosea, nitabeba lawama. Lakini watoto wanaunywa leo."

Damas akatoka, akaizima mashine mwenyewe.

Maabara ya pili iliyathibitisha majibu yake unga ukiwa umekwisha kuondolewa madukani. Hata hivyo wenye kiwanda walikasirika kwamba alimwonya ndugu yake kabla ya kuwaambia wao, wakamfungia mlango. Damas ndiye aliyepiga simu kumpa habari hiyo, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na kabla ya kukata akamshukuru.

Nusu ya utafiti ilikuwa bado. Sasa Ruthu anafanya kazi na kina mama wanaokausha karanga Mvumi, na kuna kampuni nyingine inayofikiria kumpokea. Imeomba kukutana naye wiki ijayo. Amemwomba Dokta Evarista amsindikize, kwa kuwa huko ataulizwa kwa nini alifungiwa mlango, na peke yake haamini kama sauti itatoka.