Kamba ya Bi Mwanakheir

Kwa miaka sita Mwatum alimfunga Bi Mwanakheir kila asubuhi, na hakuona ubaya wake. Alimfunga kama mama anavyomfunga mtoto kwa mbeleko: kipande cha kanga kuukuu, laini kwa kufuliwa, ncha moja kiunoni mwa bibi, ncha ya pili kwenye tendegu la kitanda. Akishamaliza humpaka mafuta ya nazi miguuni, na bibi humwambia, "Mungu akupe, mwanangu." Basi siku yake ilikuwa imetimia.

Neno hilo la "mwanangu" Mwatum hakuitwa na mtu mwengine yeyote. Mama yake alikufa Mwatum mwenyewe bado hajaota meno, akalelewa na shangazi aliyemwita "wee". Aliolewa mara mbili, hakuzaa. Mume wa pili alipomletea mke mwenza katika chumba cha pili cha nyumba yao ya mtaa wa Malindi, alikunja mkeka wake akaondoka kichwa juu, wala hakulia. Akafulia watu nguo huko Vuga, mpaka alipopata kazi ya kutunza wazee.

Nyumba ya wazee ilikuwa nje ya mji, upande wa Mpendae, katikati ya mashamba ya mihogo, na haikuwa na ua. Mwaka wake wa kwanza Bi Mwanakheir alitoka, akaokotwa barabarani miguu imejaa miiba. Msimamizi, Bwana Muhiddin, alimwita Mwatum akamwambia maneno machache tu: "Akitoka tena, na wewe utoke." Kanga ikaanzia hapo.

Baada ya masika ya mwaka wa hamsini na sita akaja Shemsa. Alikuwa binti wa Chwaka, kijiji cha pwani, mdomo haufungi, mikono haitulii.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Huyu bibi mbona kafungwa kama mbuzi wa Idi?"

"Marahaba. Mfungue, ukamtafute barabarani."

Shemsa alikaa ubavuni kwa bibi siku nyingi akimsikiliza. Maneno ambayo kwa Mwatum yalikuwa kupayuka kwa uzee, yeye aliyasikiliza kama habari. Halafu asubuhi moja akaja jikoni anacheka.

"Bi Mwatum, bibi hana wazimu. Anakwenda pwani kufukua makumbi yake yasiibiwe! Wenzangu na mie wa Chwaka tunafukia makumbi ya nazi kwenye mchanga, yakishalainika tunayafukua, tunayaponda, tunasokota kamba. Na kufukua kunataka maji yapwe sana. Hebu hesabu: anahangaika mwezi mchanga na mwezi mpevu, saa tatu, saa nne asubuhi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa kabisa! Siku za maji mafu, yasiyopwa sana, hata mlango haangalii."

Mwatum aliendelea kuchambua mchele. Alizaliwa mjini, maji kujaa na kupwa ilikuwa shughuli ya watu wengine. Kilichomchoma ni kwamba ilikuwa kweli. Miaka sita alimfunga mtu siku thelathini za mwezi kwa ajili ya siku sita, na aliyeligundua hilo ni mtoto wa juzi.

Tangu hapo kanga ilining'inia kwenye tendegu bila kazi. Siku za bamvua Shemsa humshika bibi mkono, wakazunguka mpaka kisimani, bibi akachimbachimba mchanga kwa kidole, wakarudi, akalala kama mtoto aliyeshiba. Mwatum alisikia vicheko vyao kupitia ukuta wa jikoni, akavihesabu. Alinunua halua sokoni Darajani kwa ajili ya bibi. Bibi aliikata katikati, akasema, "Nusu mwekeeni mwanangu Shemsa."

Wivu wa mke mwenza Mwatum aliujua, akauweza. Huu ulimkalia kooni kama mwiba wa samaki, haushuki wala hautoki.

Mwezi ulipokuwa wa siku kumi na tatu, Shemsa akaaga kwenda Chwaka, ndugu yake anaoa. "Kesho kutwa bamvua, Bi Mwatum. Mzungushe kidogo tu, tafadhali."

"Umenifundisha kazi, ahsante," alisema Mwatum.

Siku ilipofika, bibi alianza kuhangaika tangu saa mbili. "Maji yanatoka. Yuwapi mwanangu tuondoke?"

"Mie hapa, bibi."

"Siye wewe."

Mwatum alitoka nje. Aliporudi alikuwa na kamba ya nazi, iliyokuwa ikifungia ndoo. Hakuchukua kanga. Kamba hiyo aliizungusha kwenye vifundo vya mikono ya bibi, akakaza, akafunga kwenye tendegu.

Alidhani bibi atalia. Bibi aliinamisha kichwa, akaipapasa kamba kwa vidole.

"Kamba hii kasokota nani?"

"Sijui, bibi."

"Mvivu. Tazama ilivyolegea, mtu kaisokota huku anasengenya." Akaivuta kujaribu nguvu yake, na kila akivuta fundo likazidi kuuma. "Mwite Shemsa aje anfungue."

"Shemsa hayupo! Na mimi je? Miaka sita nakupaka mafuta, nakulisha, nakuosha. Mimi nani kwako?"

Bi Mwanakheir alimtazama kwa adabu, kama mtu anayetafuta jina la mgeni. Akasema pole pole, bila ya chuki yoyote, "Wewe si yule mwenye kufunga?"

Mwatum akakaa chini sakafuni. Kumbe katika kichwa kile kilichokuwa kikipoteza kila kitu, mafuta yalipotea, halua ilipotea. Limebaki fundo.

Alijaribu kulifungua, halikukubali. Akainama akalifungua kwa meno, na nyuzi zikamkwaruza midomo. Vifundo vya mikono ya bibi vilikuwa na alama nyekundu pande zote. Alizipaka mafuta, bibi akavumilia, macho mlangoni.

Wakatoka. Jua lilikuwa limeshapanda, na mchanga wa kisimani ulikuwa na unyevu. Bibi alichutama, akachimba kwa vidole, akatoa kumbi moja lililooza, lililoangushwa na mtu zamani. Uso wake ukang'aa.

"Nlikwambia halikuibiwa! Shemsa! Shemsa we, lete jiwe tuponde."

Mwatum alisimama. Angeweza kumwambia jina lake mwenyewe. Alitazama zile alama kwenye mikono ya bibi, akatazama kumbi lililokuwa likichuruzika maji.

"Naam, bibi," akasema, akaenda kutafuta jiwe.