Mtafuna Mawe na Video Yangu ya Sekunde Kumi na Moja

Mjomba wangu anaitwa Mtafuna Mawe, na aliyembandika hilo jina ni mimi. Naomba msinipige.

Ilikuwa Jumapili, karudi likizo kutoka kwenye mtambo wa kuchimba mafuta. Kakaa sebuleni kwetu, kajisahau, katoa kijiwe mfukoni, kakitia kwenye meno ya mbele. Mama, ambaye ni dada yake, akaruka: "We kaka! Si useme una njaa!" Mimi simu mkononi, nikarekodi sekunde kumi na moja. Nikaandika "Mtafuna Mawe akipata kifungua kinywa," nikarusha mtandaoni. Watu mbavu hawana.

Sasa tulieni niwaeleze, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Mjomba ni mhandisi wa jiolojia. Alianza na ndoo na chujio, akiosha vipande vya mawe vinavyopanda na matope kutoka kisimani. Miaka kumi na saba baadaye ndiye aliyekuwa akisema, "Simameni hapa," na mtambo mzima unasimama. Hapo ndipo bomba la chuma linapofungwa kwa saruji, na lazima pawe na mwamba wa udongo mtupu, usiopitisha kitu. Shida ni kwamba udongo na mchanga laini, kwa macho, ni pacha. Ukiung'ata ndio unajua: udongo unateleza, mchanga unakwaruza. Ndio maana ya yale meno!

Likizo ilipoisha, video ikafika mtamboni kabla yake. Mpishi akamwekea mezani sahani ya kokoto na uma juu. Wachimbaji nao: "Mkuu, tukuletee na chumvi?" Mjomba akanitumia picha ya hiyo sahani na vikatuni vitatu vya kucheka. Nikajua kafurahi. Nikairusha na hiyo.

Kumbe mjomba aliacha kung'ata. Mbele za watu akawa anakiangalia kijiwe kwenye mwanga, anakisugua kwa kidole, basi. Kisima kilichofuata akasema, "Simameni hapa." Wakafunga bomba. Walipolijaribu kwa presha, likavuja chini kabisa. Mwamba ulikuwa na mchanga. Siku tisa wakaziba upya. Hakuna aliyeumia, ila mjomba akarudishwa mjini, kwenye ghala la sampuli, kubandika lebo kwenye maboksi.

Mama aliponisimulia, nilikosa pa kuweka uso. Nikamfuata huko ghalani. Hakuna dirisha, maboksi mpaka darini, feni moja inalalamika.

"Mjomba, ile video nimeifuta."

"Umemfutia nani? Mpishi anayo."

Akacheka, kidogo. Akavuta boksi, akanipa kijiwe cha kijivu. "Haya, ng'ata."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye msemaji wa meno yangu?"

Nikang'ata. Kikanikwaruza kama vumbi la ukutani. "Mchanga," nikasema.

"Hicho ndicho cha siku ile. Kung'ata ni sekunde mbili tu, mpwa wangu. Niliona aibu ya sekunde mbili."

Akakichukua, akakifuta mate yangu kwenye suruali yake, akakirudisha kwenye boksi na kubandika lebo iliyonyooka kabisa.

Sina utani wa kufungia. Ila kama na wewe ulishawahi kumcheka mtu akaacha kitu alichokuwa anakijua vizuri, tuandikie hapo chini. Na huyo mtu, ulimwambiaje? Mimi bado natafuta maneno. Video msitume.